Ng'ombe wa Orendali

Shinyanga hakuna lori linalotupwa. Lori likifa injini, mwenyewe analisukuma hadi gereji, inang'olewa injini ya Kiingereza inatiwa ya Kijapani, na baada ya wiki mbili unaliona kwenye barabara ya Tinde limebeba marobota ya pamba, bodi ileile, mlango uleule uliofungwa kwa waya. Varsha alitumia mfano huo mama yake alipomuuliza anafanya nini huko juu siku nzima, wanafunzi wa kompyuta wakiwa wameshakwenda zao. Alisema kuna mchezo mmoja, Orendali, ambao ni lori zuri lililokufa injini, naye anautengenezea injini nyingine. Mama yake, Madhuben, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo injini ikishawaka itamletea mjukuu.

Varsha alikuwa na miaka ishirini na tisa na majibu ya swali hilo yalikuwa yamemwishia. Chini kulikuwa na duka la baba yake, Praful, la misumari, mabati na rangi. Juu kulikuwa na chumba chake cha kufundishia, kompyuta nne na feni moja. Ukutani dukani, juu ya kichwa cha Praful, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kila jioni kabla ya kufunga Madhuben alipitisha ufagio kila pembe. Kilichookotwa sakafuni ambacho hakina mwenyewe kilitupwa jalalani, iwe kalamu au kofia. Kila kilichobaki kilikuwa chao, ndani ya kuta nne, chini ya kufuli moja, na ufunguo wake alilala nao Praful. Varsha alikua akiamini kwamba dunia yote hufungwa hivyo.

Mchezo wenyewe ulifika mwaka tisini na moja. Kaka yake, Ankit, aliyekuwa akisoma Leicester, aliutuma kwenye disketi saba zilizofungwa ndani ya soksi. Michezo mingine ya wakati ule ilikuswaga kama mbuzi: ua huyu, fungua mlango, ua yule. Orendali ilikuwa nchi. Kulikuwa na mfalme mwenye shida zake, na ukitaka ungeweza kumsaidia, lakini hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kumwacha mfalme ukaenda kuoka mikate, ukauza samaki, ukakaa tu kando ya mto. Varsha alimwacha mfalme na shida zake kwa miaka mitano. Na jambo lililoupa mchezo ule sifa duniani ni kwamba kila kitu kilishikika. Ungeweza kuinua kijiko, mshumaa, chupa tupu, ukavipeleka popote. Ukiacha kijiko juu ya meza ya mtu leo, ukirudi mwakani utakikuta palepale.

Katika mkoa mzima watu walioijua nchi hiyo walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Marcel, fundi wa chumba cha michoro kule Mwadui kwenye mgodi wa almasi, ambaye kila mwisho wa mwezi alikuja kununua utepe wa printa. Siku moja aliona skrini ya Varsha, akasimama, utepe ukabaki kaunta. Alinakili zile disketi saba, na tangu siku hiyo maongezi yao yakawa ya nchi nyingine kabisa. Walibishana bei ya unga wa Orendali, na kama mvuvi wa daraja la pili ni mwongo au ni mzee tu. Mwanzoni Madhuben alipanda ngazi mara tatu kwa siku na chai ambayo hakuna aliyeiomba. Alipogundua kwamba kijana wa watu hukaa karibu na mlango ulio wazi na kwamba wanazungumza habari za mikate, akaacha kupanda, ila chai akaendelea kuituma.

Marcel alifariki Agosti tisini na sita, kwa malaria iliyopanda kichwani. Alilazwa Jumatatu, Alhamisi wakamzika Tinde, kwao. Varsha alikwenda msibani, akakaa mkekani na wanawake wengine bila kujua la kusema, maana angesema nini? Kwamba amefiwa na mtu wa nchi moja?

Mwaka huohuo kompyuta yake ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa kishindo baada ya mgawo, na ile ya Mwadui aliyokuwa akichezea Marcel ilikuwa imeshauzwa kwa kilo pamoja na viti vibovu. Mashine mpya iliyonunuliwa ilikuwa na kasi mara kumi, na Orendali ilikataa kuwaka humo. Mchezo ule ulikuwa na namna yake ya kujitwalia kumbukumbu ya mashine, namna ya kibabe, na mashine mpya haikukubali ubabe. Disketi zote saba zilikuwa nzima. Ramani ilikuwemo, watu walikuwemo, maneno yao yote yalikuwemo. Kilichokosekana ni kitu cha kuwatembeza.

Ndipo alipoanza kuunda injini yake. Gazeti moja la michezo alilotumiwa na Ankit lilimjulisha kwamba hayuko peke yake: huko na huko duniani walikuwepo watu wanaofanya kazi hiyohiyo, kila mmoja kwa mchezo aliokatazwa na mashine mpya, bila malipo na bila ruhusa ya maana. Alimwandikia mmoja wao, Mswidi, barua ya posta. Baada ya wiki saba Mswidi akajibu kwa kurasa sita za maelezo ya jinsi faili za mchezo zilivyopangwa, na mwisho akaongeza ushauri. Injini mpya, alisema, isiwe na akili kuliko ya zamani. Ilichohifadhi ya zamani, ihifadhi nayo, hata kama haoni sababu. Varsha alimwona mbishi. Kurasa sita alizitumia, ushauri akauweka kabatini.

Miezi mitatu ya kwanza alipata ramani tu, na miti ilisimama kichwa chini. Baadaye watu wakatokea, wakawa wanatembea kinyumenyume hadi ukutani. Alirekebisha hiki kikaharibika kile. Lakini iko siku, mwezi wa kumi, mwokaji wa mji wa kwanza alitoka mwenyewe nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi, akaenda dukani, akawasha tanuri, bila Varsha kugusa kitu. Varsha alilia. Alilia kwa sauti hata Madhuben akapanda mbio, na alipoonyeshwa mtu mwenye ukubwa wa punje ya mchele akichochea moto, akasema kwamba hata yeye huamka saa hizo na hakuna anayemlilia.

Lilibaki tatizo moja. Mchezo ukishachezwa siku nyingi, nchi hujaa vikorokoro: chupa tupu, vipande vya mishumaa, vitu ambavyo mchezaji ameviacha ovyo katika nyumba za watu. Kila kitu katika Orendali kilikuwa na alama ya mwenyewe, isipokuwa hivyo. Vilikuwa maelfu, na injini ya Varsha ilivyokuwa bado changa, ilichoka kuvibeba. Basi akaandika kipande cha programu akakiita Fagia. Kila mchezo uliohifadhiwa ukifunguliwa, Fagia ilipita kila nyumba, na kitu kisicho na alama ya mwenyewe, kama hakimo ndani ya sanduku la mchezaji mwenyewe, kikaondolewa. Mashine ikawa nyepesi. Alifurahi, akasahau.

Mbuke alikuja Februari tisini na nane, katikati ya zile mvua za El Niño zilizokata barabara kila upande. Alikuwa mjane wa Marcel, mwalimu wa shule ya msingi pale Mwadui, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kwa utaratibu wote, hata Varsha akajua kwamba lililomleta ni zito. Kisha Mbuke akafungua mkoba, akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko disketi moja.

“Mwalimu,” alisema, “Marcel aliniambia ng'ombe wameandikwa humu.”

Akaeleza. Marcel alikuwa na ng'ombe. Wangapi, hakusema, kwa kuwa mwanamume wa Kisukuma hatangazi idadi ya ng'ombe wake hata kwa mkewe. Alikuwa akinunua mmoja leo, mmoja mwakani. Katika ile siku yake ya mwisho ya fahamu ndipo alipomwambia kwamba hakuandika popote pa kuonekana, ila ameandika ndani ya mchezo, na kwamba Mama Loveness, ndivyo alivyomwita mkewe kwa jina la binti yao, ampelekee disketi mwalimu wa mjini. Mbuke alikaa nayo mwaka na nusu. Alidhani ni maneno ya homa.

Sasa ukoo ulikuwa umepanga kikao Juni, baada ya mavuno, kuamua mambo ya marehemu. Nkwabi, mdogo wake Marcel, mnunuzi wa dhahabu kule Katoro, alikuwa tayari kuwachukua watoto wawili akawalee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba ya bati, na shamba la mifugo nje ya mji. Wazee walisema hivi: kama Marcel ameacha ng'ombe, basi watoto wana chao na watakaa na mama yao. Kama hakuacha, mshahara wa mwalimu wa kike hautoshi, na damu ya ukoo itakwenda Katoro kwa baba yao mdogo. Loveness alikuwa na miaka minane, Valerian mitano.

“Sitaki ng'ombe,” Mbuke alisema. “Nataka watoto wangu. Lakini hao watoto wamefungwa kwenye mikia ya hao ng'ombe.”

Varsha aliichukua disketi kwa mikono miwili. Kabla ya kuitia kwenye mashine aliigeuza, akaona kile kidirisha cha pembeni kiko wazi: Marcel alikuwa ameizuia isiandikwe juu yake. Hata hivyo alinakili, akafanya kazi na nakala.

Machi, injini yake iliweza kuufungua mchezo wa Marcel. Mbuke alikuja Jumamosi kwa pikapu ya walimu, akakalia kiti cha mwanafunzi, na wote wawili wakamwona mtu wa Marcel amesimama nje ya nyumba yake kando ya mto, mahali palepale alipoachwa miezi kumi na tisa iliyopita. Mbuke alifunika mdomo kwa khanga. Varsha akamwingiza mtu yule ndani, akafungua sanduku. Mlikuwa na mkate, taa, na chupa mbili tupu.

Mbuke akauliza kama ni hivyo tu. Varsha akamwambia kosa ni lake, bila shaka injini haijui kusoma sanduku sawasawa, ampe wiki mbili.

Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa kumi. Alivunja sehemu ya masanduku akaijenga upya. Alihesabu kila herufi ya faili kwa penseli. Alimwandikia Mswidi, na barua ikakwama nyuma ya madaraja yaliyosombwa. Kila Jumamosi ya pili Mbuke alikuja, na kila mara sanduku lilikuwa na mkate, taa na chupa mbili. Varsha alikonda. Alifundisha wanafunzi wake huku akili iko ndani ya sanduku, na Madhuben, aliyekuwa ameambiwa habari yote, aliacha kutaja wajukuu, akawa analeta chapati na kuondoka bila neno. Kutafuta kosa ambalo halipo ni adhabu mbaya kuliko kutafuta sindano. Sindano angalau iko.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kikao, siku nne zikiwa zimebaki, Varsha alikubali kushindwa. Hakulisema. Badala yake alimuuliza Mbuke kama angependa kutembezwa, aione nchi ambayo mumewe alikuwa akiipenda. Mbuke akakubali, kwa sababu pikapu ya kurudi ilikuwa saa tisa na hapakuwa na jambo jingine la kufanya.

Wakavuka daraja la pili. Varsha akamwonyesha mvuvi mwongo, mhunzi, mjane wa kinu, mwokaji na tanuri lake. Akamweleza kwamba katika faili mna kumbukumbu ya mahali mchezaji alipoingia na mara ngapi, na Marcel alikuwa akiwatembelea sana hawa watu, mhunzi peke yake mara kumi na nne. Mbuke alisogeza kiti karibu na skrini. Kisha akauliza kama watu hawa ni wema.

Varsha alisema wako wema na wako wabaya, kama popote.

“Sasa kama alikuwa na watu,” Mbuke akasema polepole, “kwa nini sisi tunawatafuta ng'ombe nyumbani kwake?”

Varsha hakuelewa. Alisema kwamba mtu huweka mali yake sandukuni kwake, ndivyo ilivyo. Mbuke akamtazama kama anavyomtazama mtoto wa darasa la pili, bila hasira.

“Hiyo ni mali ya dukani. Ng'ombe wote zizi moja, ugonjwa wa ndigana ukiingia unabaki na kamba. Na ndugu wakiingia, hata hiyo kamba huachiwi. Sisi tuna kubilisa. Mmoja unampa huyu akufugie, anywe maziwa, mwingine unampa yule. Hata mtoto hajui wako kwa nani. Baba yake Marcel alikufa zizi lake likiwa na ng'ombe watatu, na alikuwa na arobaini.”

“Kwa hiyo huwa wako wapi?”

“Kwa watu,” alisema Mbuke.

Varsha akaigeukia tena skrini. Nyumba za watu. Vitu vilivyoachwa na mchezaji katika nyumba za watu, bila alama ya mwenyewe. Kila alipoufungua mchezo wa Marcel, kwa miezi mitatu, kabla hata skrini haijawaka, ufagio wake ulikuwa umeshapita. Alikuwa ametafuta kwa machozi ndani ya sanduku moja kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikizoa na kukitupa nje ya mlango. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akamwambia Mbuke wazi: “Mimi ndiye niliyewatoa.”

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufuta mstari mmoja. Aliufuta, akazima, akatia nakala mpya ya disketi ya Marcel, akawasha. Mashine ikawa nzito, mvuvi akatembea kama mtu mwenye matope miguuni. Akaingia kwa mhunzi. Juu ya rafu, nyuma ya nyundo, palikuwa na karatasi. Katika Orendali ungeweza kununua karatasi tupu ukaiandikia mstari mmoja mfupi, na Varsha hakuwahi kumjua mtu aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Akaigusa. Ikaandika katikati ya skrini: PAMBA. MWEUSI, PEMBE MOJA. KWA WILIAM, TINDE.

Mbuke hakulia. Alisema Pamba alinunuliwa kwa fedha za pamba mwaka aliozaliwa Loveness, na kwamba yeye aliambiwa ameuzwa.

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwa mjane wa kinu alikuwepo mtamba wa kijivu, anafugwa na mtu wa Ushirombo. Kwa mwokaji, nyuma ya magunia, walikuwa wawili kwenye karatasi mbili. Kwa mvuvi mwongo hapakuwa na kitu, na hilo liliwachekesha wote wawili. Marcel alikuwa ameamua ubishi ule wa siku nyingi bila kumwambia mtu. Pikapu ya walimu ilipiga honi chini ikaondoka. Karatasi ya nane waliikuta kanisani. Ya tisa ilikuwa mbali, katika nyumba ya mlinzi wa mpaka, na ilisema: REDIO. MWEKUNDU, SIKIO LIMEPASUKA. KWA NKWABI.

Nkwabi alikuwa amehudhuria kila mazungumzo ya ukoo tangu matanga, na mara zote alikuwa amekaa kimya waliposema kwamba hakuna ng'ombe.

Varsha alisema lile alilokuwa akiliogopa, kwamba labda ameshamuuza. Mbuke akasema inawezekana. Kwenda kuwauliza wafugaji hakuweza, kwa kuwa mjane haendi kwa mfugaji kabla ukoo haujamtuma. Akaomba orodha ichapwe, wale wanane kwanza.

“Huyu tutamsoma mwisho,” alisema.

Jumatano Varsha aliazima pikapu ya duka. Madhuben alikuwa amekaa tayari kiti cha mbele, kilo tano za sukari mapajani, akasema binti haendi kwenye kikao cha ukoo wa watu kama muuza magazeti, peke yake na mikono mitupu. Tinde walikuta watu kama ishirini sebuleni kwa mzee Donatus, kaka mkubwa wa baba yake Marcel. Wakasalimia, shikamoo kwa kila mmoja kwa zamu yake, sukari ikapokelewa, wakapewa viti karibu na dirisha.

Nkwabi alikuwa mtu wa kupendeza. Shati lilipigwa pasi, maneno yalipangwa. Alimsifu shemeji yake kwa uvumilivu, akasema watoto atawapeleka shule ya bweni, na Mbuke atakaribishwa Katoro wakati wowote. Watu waliitikia. Hakuna hata neno moja la Nkwabi lililokuwa baya, na ndiyo maana Mbuke alikuwa ameshika kingo za kiti.

Mzee Donatus akamuuliza mjane kama ana la kusema. Mbuke akasema marehemu aliacha ng'ombe tisa, na aliyewasoma ni mwalimu huyu. Varsha akasimama na karatasi yake yenye vitobo pembeni. Alieleza kadiri alivyoweza, na alipoona nyuso zimepotea akarudi kwenye lori: bodi ni ya zamani, mizigo ilikuwa imo ndani, yeye ametia injini tu. Hapo wakaelewa, wengi walikuwa wamepanda malori hayo. Akasoma wanane. Wiliam alikuwa jirani, na minong'ono ikaanza, maana wapo waliowahi kumwona ng'ombe mweusi wa pembe moja kwake.

Nkwabi akainua mkono. Aliuliza kwa upole, na swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

“Mwalimu, umesema mchezo ulikufa, ukautengeneza wewe. Sasa sisi tutajuaje kwamba na ng'ombe hukuwatengeneza wewe?”

Varsha alikuwa amejiuliza swali hilohilo siku nne. Mtu aliyeweza kumfanya mwokaji aamke saa kumi na mbili angeshindwaje kuandika mistari tisa? Ng'ombe mweusi wa Wiliam hata mpita njia angemwona. Alisema ukweli tu, kwamba injini ni yake lakini vitu vyote ni vya Marcel, na kwamba yeye hawezi kuthibitisha. Nkwabi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, na wazee wawili wakatikisa naye.

“Soma wa mwisho, mwalimu,” alisema Mbuke.

Varsha akasoma. Jina la ng'ombe, rangi, sikio lililopasuka, na kwa nani.

Mzee Donatus hakumtazama mjane wala mwalimu. Alimgeukia Nkwabi, na wote wakageuka naye. Mwanamke wa Mwadui na Mhindi wa mjini wangelijuaje sikio la ng'ombe aliye zizini Katoro? Nkwabi alikuwa akiangalia viatu vyake. Angeweza kukana. Varsha aliona wazi kwamba amelifikiria hilo, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, na kwamba si jambo dogo kwa mtu kumkana ng'ombe wa kaka yake aliyekufa mbele ya ukoo mzima, naye akiwa ametajwa kwa jina.

“Marcel aliniambia nisimseme mpaka mwenyewe aulize,” alisema mwishowe. “Nilikuwa nangoja atajwe.”

“Basi ametajwa,” alisema Mbuke.

Mzee Donatus akauliza kama yuko hai. Nkwabi akasema yuko, na amezaa mara mbili, ndama wote majike. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea kwake, kwamba ataleta watatu wote kabla ya Jumapili, na kwamba suala la Katoro liachwe. Mzee akasema limeachwa. Mbuke aliachia kingo za kiti, akainama, na machozi ambayo hayakutoka tangu Jumamosi yakatoka yote, na Madhuben, asiyejua hata nusu ya Kiswahili kilichosemwa pale, akavuka sebule akamshika bega.

Mzee akamwagiza Varsha aandike, lisije likasahaulika. Varsha akatoa kalamu, na pembeni ya jina la Redio akaongeza: na ndama wawili. Hicho ndicho kitu pekee katika orodha ile alichokitia yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza ushahidi.